Mwendo wa Watoto: Kwa Wanaokwenda Namugongo kwa Miguu

Somo: Mwanzo 33:12–14

Leo tafadhali shikeni kalamu, maana tutataja mambo ya kuandikwa: viatu, maji, vitambulisho, kilomita. Mtu asione ajabu kusikia habari za viatu katika saa ya ibada. Bwana wetu alipowatuma wale Thenashara wawili wawili, kama tusomavyo katika Marko sura ya 6, aliwapa mamlaka juu ya pepo wachafu, na papo hapo akawaagiza habari ya fimbo, viatu na kanzu. Yeye anayezijua roho zetu aijua na miguu yetu.

Jambo lililotuleta ni hili. Wakristo kadhaa wa hapa Magongo wanataka kwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Tena wanataka kwenda kwa miguu. Vijana wasema wataimaliza njia kwa siku tano. Mama mmoja mzee, mwenye wajukuu, amesema naye ataandamana nao. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Vijana wasema, "Bibi atatuchelewesha." Bibi asema, "Wajukuu zangu, mwakimbilia wapi?" Basi tumeombwa tueleze safari hiyo hutengenezwaje, na nani aende.

Je, kuhiji ni desturi yetu?

Wengine wameuliza kama jambo hili latufaa sisi Waprotestanti. Kwa jirani zetu Waislamu, ambao twaishi nao mlango kwa mlango, Hija ni nguzo ya dini kwa kila mwenye uwezo. Kwetu sisi hakuna amri ya namna hiyo. Hakuna kilomita inayofuta dhambi. Kazi hiyo ilikwisha msalabani. Aliyebaki Magongo akamtunza mgonjwa wake hayuko nyuma hata hatua moja ya yule aliyefika Namugongo. Lisemeni hilo wazi katika kikundi chenu kabla ya kuondoka, maana asiyelijua atajawa na kiburi akifika, na aibu asipofika.

Hata hivyo, Biblia imejaa watu waliotembea pamoja kwenda kuabudu. Zaburi ya 120 hadi ya 134 ni nyimbo za kupanda mlima, za watu wa safari. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Walikwenda ili wakumbuke matendo ya Mungu, na ili wayakumbuke pamoja. Sababu yetu ya kwenda Namugongo ni hiyo hiyo.

Hapo Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakristo, wengi wao watumishi wa jumba la mfalme, walichomwa moto. Waanglikana na Wakatoliki walikufa pamoja. Katika mateso ya miaka 1885 hadi 1887 wanahesabiwa mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Watatu wa kwanza, Yusufu Lugalama, Marko Kakumba na Nuwa Serwanga, waliuawa tarehe 31 Januari 1885 huko Busega, nao walikuwa wa Kanisa letu. Wale wa mwaka 1886 walitolewa Munyonyo wakaenda Namugongo kwa miguu, wamefungwa, na wengine wakauawa njiani kabla ya kufika. Basi tutembeapo kwenda huko, twawafuata watu waliotembea. Wao hawakuulizwa kama viatu vyawabana.

Njia na siku zake

Kutoka Mombasa mpaka Namugongo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Hatumshauri mtu kuitembea yote. Pandeni basi mpaka Busia, mpakani, mwanze kutembea huko. Kutoka Busia njia yapita Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono, mpaka Namugongo, iliyo kaskazini-mashariki ya mji wa Kampala. Ni karibu kilomita 200.

Mtu mwenye afya aliyejizoeza aweza kwenda kilomita 25 kwa siku, siku baada ya siku. Hizo ni siku nane. Ongezeni siku moja kwa ajili ya Jumapili, ya kuabudu na kupumzika, na siku moja ya akiba kwa mvua na ugonjwa. Jumla ni siku kumi. Anayetaka kufika tarehe 2 Juni na aondoke Busia tarehe 24 Mei. Zile siku tano za vijana wetu maana yake ni kilomita 40 kila siku. Yawezekana siku ya kwanza, na siku ya pili pia. Siku ya tatu magoti huleta hesabu yao. Wahenga walisema, kawia ufike.

Kwa mpaka, Mkenya avuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Chukueni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe ichomwe siku kumi kabla ya safari au zaidi, ndipo iwe na nguvu. Anayemchukua mtoto aulize ofisi ya uhamiaji mapema ni hati gani zinazotakiwa. Asingoje kuuliza akiwa mpakani, na basi limekwisha kuondoka.

Miezi miwili kabla, ombeni barua ya kuwatambulisha kutoka kwa kasisi wenu na ofisi ya askofu, na kupitia kwao waandikieni makanisa ya njiani kuomba mahali pa kulala. Jambo hili si geni. Katika Warumi sura ya 16 Paulo amtambulisha Fibi kwa ndugu wa Rumi, ili wampokee. Mkipokewa katika kanisa au shule, fagieni kabla ya kuondoka, mlipie kuni na maji, msiache taka. Wenyeji wanapokea vikundi vingi, nanyi msiwe kikundi kinachoombewa kiondoke upesi.

Jifunzeni maneno machache ya Kiganda: "oli otya" ndiyo hujambo, na "webale" ndiyo asante. Wala msidhani lugha hiyo ni ngeni kabisa kwenu. Ule wimbo wa uamsho, "Tukutendereza", tunaouimba tangu utoto, ni wa Kiganda. Mtakapouanzisha jioni katika kijiji msichokijua, mtajibiwa.

Mazoezi hapa nyumbani

Anzeni miezi mitatu kabla. Juma la kwanza tembeeni kilomita tano, mara tatu. Ongezeni kidogo kidogo. Mwezi wa pili, Jumamosi, tokeni Magongo alfajiri, mpite Mikindani, Jomvu na Miritini, mpande mpaka Mazeras, kisha mwingie Rabai. Ni yapata kilomita 20, tena mlima upo. Mkifika, ombeni katika kanisa la Mtakatifu Paulo, mle, mpumzike, mrudi kwa matatu.

Hatukuichagua Rabai kwa ajili ya mlima tu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na katika mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga huku bara. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakapanda wote wawili kwenda kuanza kazi Rabai, na wote wawili walikuwa na homa. Kazi ya Kanisa letu katika nchi hii ilianza kwa mwendo wa wagonjwa wawili. Kijana anayeona haya kutembea polepole na alikumbuke hilo akiwa kwenye mpando wa Mazeras.

Mwezi wa tatu jaribuni kutembea siku mbili mfululizo. Kutembea siku moja hakumpimi mtu. Kinachompima ni kuamka kesho yake, miguu ikiuma, akaanza tena. Tena kila mwenye kisukari, presha, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na awe na dawa za siku zote za safari, pamoja na za akiba.

Miguu, maji na chakula

Msivae viatu vipya. Viatu vya safari viwe vimevaliwa miezi miwili au zaidi, viwe na nafasi mbele ya vidole, kwa kuwa miguu huvimba jua likipanda. Kateni kucha. Chukueni jozi tatu za soksi, mbadilishe zikilowa. Asubuhi pakeni mafuta mazito kati ya vidole na kwenye kisigino, na mahali pote panaposuguana. Mnapopumzika, vueni viatu.

Malengelenge hayaanzi kama malengelenge. Huanza kama joto mahali pamoja. Mtu akisikia joto hilo asimame pale pale, aseme, apafunike kwa plasta. Wengi hunyamaza kwa kuwa hawataki kuwasimamisha wenzao, na jioni ngozi imetoka. Kunyamaza kwa namna hiyo si uvumilivu. Lengelenge likitokea, lisafisheni, mlifunike, wala msiitoe ngozi ya juu. Mwenye kisukari ajitazame nyayo asubuhi na jioni, maana aweza kuumia asisikie.

Kila mtu awe na chombo cha maji, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Kunyweni kidogo kidogo kabla ya kiu. Mtu akipatwa na kuharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari: katika lita moja ya maji safi tieni vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe sawa na ukingo wa kijiko, visirundikwe. Anywe mara kwa mara. Asipopata nafuu, au akiwa na damu au homa, apelekwe zahanati, safari ingojee. Mwezi wa Mei mvua bado yanyesha katika sehemu zile, na mbu ni wengi. Basi chukueni nailoni ya kujifunika, chandarua, na nguo ya kulalia iliyofungwa isilowe.

Kwa chakula msiwe na wasiwasi. Njiani pana ndizi, posho, maharagwe, viazi na mahindi. Kuleni kilichopikwa kikiwa moto. Anayetaka kufunga na afunge nyumbani kabla ya safari. Tusomapo 1 Wafalme sura ya 19, Eliya alipochoka jangwani akataka kufa, malaika hakuanza kwa kumhubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akaenda.

Barabara

Sisi wa Magongo hatuna haja ya kuelezwa juu ya matrela. Yale yanayotikisa madirisha yetu usiku, yenye makontena na mafuta, mengi yao ndiyo mtakayokutana nayo Bugiri na Iganga, maana barabara ni ile ile ya kwenda Uganda. Tofauti ni kwamba hapa mwayaona kutoka mlangoni, na huko mtakuwa kando ya magurudumu yake.

Basi shikeni sheria hizi. Tembeeni upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu nanyi mwayaona usoni. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, si wawili wawili mkiongea. Vaeni vizibao vya kung'aa. Msitembee usiku, hata kama mmebakisha kilomita tatu tu. Ondokeni kunapopambazuka, mpumzike jua likiwa kali kuanzia saa tano, mwendelee saa tisa, na saa kumi na mbili jioni muwe mmekwisha kufika. Mkiimba, wa mwisho na aliyetangulia wasiimbe. Kazi yao ni kusikiliza magari. Katika msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Lugazi, msiachane. Mkivuka mto Nile huko Jinja, fuateni maagizo ya askari, wala msipige picha darajani.

Nani mbele, nani nyuma?

Sasa twafika kwenye ugomvi wa bibi na vijana. Katika somo letu Esau anamwambia ndugu yake Yakobo waondoke waende pamoja. Yakobo ajibu kwamba watoto wake ni wachanga, na kuna mifugo inayonyonyesha. Ikikimbizwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Basi bwana wake atangulie, na yeye ataongoza polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto. Yakobo alikuwa mtu wa hila nyingi, lakini neno hilo lilikuwa la mchungaji. Alijua kwamba mwendo wa msafara haupimwi kwa miguu ya mwenye nguvu.

Kwa hiyo pangeni hivi. Mbele atangulie kiongozi mmoja, yule ambaye wapagazi wa zamani wa pwani hii walimwita kirangozi. Nyuma yake mara moja wafuate wale wenye mwendo mdogo, nao ndio wapime mwendo. Wenye nguvu wawe katikati na nyuma. Wa mwisho kabisa awe mtu imara kuliko wote, mwenye tochi, dawa na simu, na amri moja tu: asimpite mtu yeyote. Mungu alipoupanga msafara wa Israeli jangwani, kama ilivyo katika Hesabu 10:25, aliweka kabila zima la Dani nyuma ya marago yote. Na kwa nini? Soma Kumbukumbu la Torati 25:17–18. Amaleki hakuwapiga waliokuwa mbele. Aliwapiga waliodhoofika, waliobaki nyuma.

Tena wahesabuni watu kila mnapoondoka na kila mnapofika, kwa majina. Msiseme, "Bila shaka yuko na wale wengine." Yusufu na Mariamu walidhani hivyo katika Luka sura ya 2, wakaenda mwendo wa siku nzima, na aliyekosekana alikuwa Bwana Yesu mwenyewe.

Msafara wa mwaka 1885

Twataka vijana wetu wajue kwamba watu wa bara ya Mombasa walikwisha kuielekea njia hii zamani. Tarehe 23 Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai kwenda Buganda kwa miguu, pamoja na wapagazi yapata 200. Pamoja naye alikuwako William Jones, Mwafrika aliyekombolewa katika utumwa akasomeshwa India, na ambaye askofu alikuwa amempa ushemasi huko Frere Town, Kisauni, mwezi wa Mei mwaka huo. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, mwezi wa Oktoba, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Akashikwa katika nchi ya Busoga, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga. Karibu wale wapagazi wote waliuawa pamoja naye. Walionusurika ni wanne.

Hatumhukumu askofu, alitoa uhai wake, na kalenda ya Kanisa yamkumbuka siku hiyo. Lakini tujiulize kuhusu wale wengine. Jina la askofu twalijua. Majina ya wapagazi wake hayasomwi katika makanisa yetu, nao walitoka pwani hii. Mkipita Busoga, simameni kando ya barabara dakika moja, mnyamaze kwa ajili yao.

Mkumbukeni na Jones. Alibaki nyuma na wenye hofu, wagonjwa na mizigo. Na habari ya kifo ilipomfikia, kazi yake haikuwa kufika Buganda. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwao. Februari 1886 msafara ule uliingia Rabai ukiwa na bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi, lile la 1 Samweli 4:21, kwamba utukufu umeondoka. Hivyo ndivyo shemasi huyo alivyojiona siku ile. Miezi minne baadaye moto uliwaka Namugongo, na leo umati huja pale kumsifu Mungu. Utukufu haukuwa umeondoka. Na yule aliyewarudisha watu nyumbani alikuwa ameufanya utumishi wake sawasawa na yule aliyetangulia.

Bibi aende?

Jibu letu ni hili. Daktari akimpa ruhusa, naye akiweza kwenda Rabai na kesho yake kutembea tena, aende, akae nyuma ya kirangozi, na vijana wafuate mwendo wake. Asipoweza, asiachwe nyumbani kwa neno moja tu. Aweza kupanda gari na wale wanaobeba mizigo, akakutana nanyi Mukono, mkatembea naye siku ya mwisho mpaka Namugongo. Na kama hilo nalo halimwezekani, basi tarehe 3 Juni wale waliobaki Magongo waende naye Rabai, hata kwa matatu, wakaombe saa ile ile mnayoomba ninyi. Hao nao wamo katika msafara.

Nanyi vijana, mkiona mwendo ni mdogo mno, msimtazame bibi. Tazameni magari yanayowapita, jinsi yanavyowahi kufika na jinsi yasivyomwona mtu yeyote njiani. Kwa mwendo wa bibi mtaonana na watu. Katika Luka sura ya 24 wanafunzi wawili walitembea kwenda Emau, na Bwana akakaribia akaandamana nao. Alitembea kwa mwendo wao, na walikuwa watu wenye huzuni, ambao hawaendi upesi.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyewaongoza baba zetu jangwani, uwaongoze watumishi wako watakaokwenda na watakaobaki. Uilinde miguu yao na magari ya barabarani, na mioyo yao na majivuno. Wenye nguvu wawe na subira, na wadhaifu wasione haya. Uwakumbuke wapagazi wa pwani yetu ambao wewe peke yako wayajua majina yao. Na utufikishe sote, asipotee hata mmoja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.